Kutoka Mtaani Nairobi hadi Chuo Kikuu cha Umma: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wazazi na Wanafunzi

Majibu haya yameandikiwa familia za Nairobi ambazo mtoto wao amefanya mtihani wa KCSE, hasa zile ambazo hakuna mtu nyumbani aliyewahi kuingia chuo kikuu kabla yake. Ni maswali yanayosikika kila msimu wa uteuzi katika ofisi za walimu, makanisani, misikitini na kwenye saiba za mtaani, yaani vibanda vya intaneti. Suala la pesa limepewa nafasi kubwa kuliko mengine kwa sababu ndilo linalowakatiza wengi safari.

Mtoto wetu amepata C+. Je, ameshapata nafasi ya chuo kikuu?

Amepata sifa ya kuomba. Nafasi yenyewe hutolewa na KUCCPS, taasisi ambayo mwaka 2014 ilichukua kazi ya kuteua wanafunzi iliyokuwa mikononi mwa bodi ya pamoja ya vyuo vikuu, JAB. Mwanafunzi ambaye hakutuma maombi, hata akiwa na A, hatapata barua.

Ni vyema pia kujua kwamba hali imebadilika sana katika muda mfupi. Mwaka 2016, udanganyifu wa mitihani ulipodhibitiwa, waliofikisha C+ na zaidi walikuwa 88,929 nchi nzima, na vyuo vingi vikabaki na nafasi tupu. Katika KCSE ya 2024 walikuwa 246,391 kati ya watahiniwa 962,512, yaani takriban mmoja kati ya wanne. Kwa hiyo, ushauri wa binamu aliyejiunga mwaka 2017, kwamba ukiwa na C+ utapata chochote unachotaka, usichukuliwe kama ulivyo.

Kinachoamua kozi ni alama za klasta. Hizi huhesabiwa kwa kuangalia masomo manne yanayohitajika katika kozi hiyo, ambayo jumla yake haiwezi kuzidi 48, pamoja na jumla ya masomo saba, ambayo haiwezi kuzidi 84. Ndiyo maana wanafunzi wawili walioketi dawati moja, wote wakiwa na B ya jumla, wanaweza kuomba uuguzi, mmoja akapata na mwingine akakosa: aliyekosa alipandishwa na Kiswahili na historia, ilhali kemia na biolojia zilimwangusha. Alama za kozi zinazoonyeshwa kwenye tovuti ni zile za mwanafunzi wa mwisho kuchukuliwa katika mwaka uliotangulia. Zitumieni kupima uwezekano, na msizichukulie kama ahadi.

Tunaishi Kayole. Kwa nini ameteuliwa kwenda Chuka ilhali vyuo vimejaa hapa jijini?

Kwa sababu uteuzi hufuata alama na machaguo aliyoyaandika, wala hauangalii mahali anapoishi. Kozi zilezile zinazofunzwa Chuo Kikuu cha Nairobi, Kenyatta au JKUAT huombwa na watu wengi zaidi, na hivyo alama za kuingilia hupanda. Chuo kilicho mashinani kinaweza kumpa kozi aliyoitamani, wakati kile cha jijini kingempa kozi asiyoitaka hata kidogo.

Vyuo hivi havikuzuka tu. Chuo Kikuu cha Nairobi, kilichopata jina hilo mwaka 1970 baada ya kuanza kama chuo cha ufundi katika miaka ya 1950, kilibaki peke yake hadi Moi kilipoanzishwa mwaka 1984. Wimbi kubwa lilikuja baada ya Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2012, ambapo vyuo vishiriki vingi vilipewa hati zao za kuwa vyuo vikuu kamili: Chuka, kilichokuwa chini ya Egerton, na Pwani, kilichokuwa chini ya Kenyatta, mwaka 2013, Machakos, Embu, Kirinyaga na Murang'a mwaka 2016. Vilijengwa haraka, mara nyingi juu ya vyuo vya ufundi au vya kilimo vilivyokuwapo, na vingine bado vinapungukiwa na maabara, vitabu na wahadhiri wa kudumu. Mzazi anayeuliza juu ya upungufu huo hakosei. Anakosea anayedhani kwamba vyuo vikongwe vya jijini havina upungufu wao.

Je, chuo kama hicho kinaweza kuinua familia kweli, au ni cheti cha kutundika ukutani?

Hili ndilo swali kuu, na utafiti uliolichambua kwa upana zaidi ulifanywa Marekani. Mwaka 2017 wanauchumi wakiongozwa na Raj Chetty walichapisha uchambuzi wa rekodi za kodi za zaidi ya wanafunzi milioni 30. Kwa kila chuo walizidisha vitu viwili: sehemu ya wanafunzi waliotoka katika moja ya tano ya familia maskini zaidi, na sehemu ya hao waliofika katika moja ya tano ya juu kwa mapato walipokuwa watu wazima.

Vyuo vyenye majina makubwa viliwafikisha juu wengi wa watoto maskini viliowapokea. Tatizo ni kwamba viliwapokea wachache mno. Katika vyuo 38, wanafunzi waliotoka katika asilimia 1 ya familia tajiri zaidi walikuwa wengi kuliko waliotoka katika asilimia 60 ya chini. California State University, Los Angeles, chuo cha umma ambacho wengi nje ya jimbo hilo hawakijui, kilichukua takriban theluthi moja ya wanafunzi wake kutoka familia maskini zaidi, na karibu asilimia 30 ya hao wakafika juu. Ukizidisha, unapata kwamba kati ya kila wanafunzi 100 wa chuo hicho, karibu 10 walitoka chini kabisa wakafika juu kabisa, kiwango ambacho vyuo mashuhuri havikukikaribia.

Takwimu hizo ni za Marekani na zibaki huko, kwa kuwa soko la ajira la Los Angeles si la Nairobi, ambako wahitimu wengi huanzia katika biashara ndogo na vibarua vya jua kali. Hata hivyo, namna ya kufikiri inatufaa. Chuo hupimwa kwa nani anaingia na nani anatoka akiwa amefanikiwa, na kwa kuwa hesabu yenyewe ni ya kuzidisha, upande mmoja ukiwa sifuri jibu zima ni sifuri. Kwa familia moja maana yake ni hii: barua ya kujiunga na chuo chenye jina, ikiishia kwa mtoto kuacha masomo mwaka wa pili kwa kukosa karo, ni hasara kuliko digrii ya kawaida iliyokamilika kwa wakati katika mji mdogo. Majibu mengi yanayofuata yanahusu kukamilisha.

Bendi ni nini, na sisi tutalipa kiasi gani hasa?

Mfumo mpya wa ufadhili ulitangazwa na Rais William Ruto mnamo Mei 2023 na kuanza na wanafunzi waliofanya KCSE ya 2022. Kabla ya hapo kila mwanafunzi aliyeteuliwa na serikali alilipa karo ileile ndogo, awe mtoto wa waziri au wa mama mboga. Sasa gharama ya kozi hugawanywa mara tatu: ufadhili wa serikali, ambao haurudishwi; mkopo wa HELB, bodi ya serikali ya mikopo ya elimu ya juu, ambao hurudishwa; na mchango wa familia. Mgawanyo hutegemea bendi ambayo mwanafunzi amewekwa baada ya hali ya nyumbani kupimwa.

Bendi ya 1 ni ya familia ambazo mapato yake hayazidi shilingi 5,995 kwa mwezi. Serikali hutoa asilimia 70, mkopo 25 na familia 5. Bendi ya 2 huishia shilingi 23,670, kwa mgawanyo wa 60, 30 na 10. Bendi ya 3 huishia shilingi 70,000, kwa mgawanyo wa 50, 30 na 20. Bendi ya 4 huishia shilingi 120,000, nayo ni 40, 30 na 30. Walio juu ya hapo wako katika bendi ya 5, ambapo serikali hutoa asilimia 30, mkopo 30 na familia 40. Juu ya hayo kuna mkopo wa matumizi, unaoanzia shilingi 60,000 kwa mwaka katika bendi ya 1 na kushuka kwa 5,000 kila bendi hadi 40,000 katika bendi ya 5.

Tuchukue mfano wa kozi inayogharimu shilingi 200,000 kwa mwaka, na mwanafunzi aliye katika bendi ya 3. Serikali italipa 100,000, HELB itakopesha 60,000, na nyumbani zitahitajika 40,000, yaani 20,000 kila muhula. Kinachowatesa watu wengi wa Nairobi ni kwamba bendi ya 3 ni pana kupita kiasi: mlinzi anayelipwa 26,000 na kulipa kodi ya nyumba Pipeline yumo ndani yake pamoja na mwalimu anayepata 68,000. Kwenye karatasi wote wanaweza kutoa asilimia 20. Kwa maoni yangu, hapo ndipo mfumo huu unapokosea zaidi, kwa sababu kipato cha mjini hakisemi chochote kuhusu kinachobaki baada ya kodi, nauli na maji ya kununua kwa mtungi.

Mfumo wenyewe umepelekwa mahakamani. Desemba 2024 Mahakama Kuu iliutangaza kuwa kinyume cha Katiba, kisha mwaka 2025 Mahakama ya Rufaa ikausimamisha uamuzi huo. Mwaka huohuo serikali ilitangaza kupunguza karo katika vyuo vya umma. Msipange kwa kutumia barua ya mtoto wa jirani aliyejiunga miaka miwili iliyopita. Tumieni kiasi kilicho katika barua yenu na katika akaunti ya mwanafunzi.

Je, ufadhili huja wenyewe baada ya kuteuliwa?

Hauji. Uteuzi ni jambo moja na maombi ya fedha ni jingine, na kila mwaka wapo wanaofika chuoni wakidhani serikali imeshalipa. Mwanafunzi anapaswa kufungua akaunti kwenye tovuti ya ufadhili wa elimu ya juu na kuomba mkopo na ufadhili kwa pamoja, akiwa na cheti cha KCSE au namba ya mtihani, kitambulisho chake kama amefikisha miaka 18, vitambulisho vya wazazi, na cheti cha kifo iwapo mzazi amefariki.

Mambo mawili huharibu maombi kuliko mengine yote. La kwanza ni majina. Cheti cha kuzaliwa kinasema Achieng, cheti cha KCSE kinasema Atieno, na kitambulisho kimebeba yote mawili kwa mpangilio mwingine. Mtambo huyaona kama majina ya watu watatu. Rekebisheni hilo mapema, kwa kuwa kurekebisha jina huchukua muda kuliko mnavyodhani. La pili ni saiba. Kijana wa saiba, ili amalize haraka foleni iliyo mlangoni, huandika namba yake ya simu na nywila yake mwenyewe, kisha miezi mitatu baadaye ujumbe wa uthibitisho unaingia kwenye simu ya mtu aliyekwisha kuhamia mtaa mwingine. Namba iwe ya mwanafunzi, laini iwe imesajiliwa kwa jina lake au la mzazi, na nywila iandikwe kwenye daftari linalobaki nyumbani.

Tumewekwa bendi isiyotufaa. Tufanye nini?

Kateni rufaa kupitia akaunti ya mwanafunzi dirisha linapofunguliwa, na muambatishe ushahidi: barua ya kuachishwa kazi, hati za hospitali, vyeti vya vifo, orodha ya watoto wengine walio shuleni na karo zao. Barua ya chifu husaidia, lakini ikiwa peke yake ni dhaifu. Mwanafunzi asubiri jibu akiwa ameripoti chuoni, si akiwa nyumbani.

Je, ufadhili huu unafanya kazi katika vyuo vya binafsi?

KUCCPS huwateua wanafunzi katika baadhi ya vyuo vya binafsi pia, na huko mwanafunzi anaweza kuomba mkopo wa HELB. Ufadhili usiorudishwa ni wa vyuo vya umma. Soma tena barua kabla ya kukubali.

Pesa za matumizi zinatosha?

Zinasaidia, ila hazitoshi. Shilingi 50,000 za bendi ya 3 zikigawanywa kwa mihula miwili ni 25,000, na muhula wa miezi minne hugeuza hizo kuwa shilingi 6,250 kwa mwezi kwa ajili ya chakula, malazi, bando, fotokopi na nauli. Wanafunzi huziita boom, na kila komredi atakueleza kwamba boom huchelewa. Ikichelewa wiki sita, mwanafunzi asiye na akiba huanza kula mara moja kwa siku, na baadhi yao hurudi mtaani wakiahidi kwamba watarudi chuoni mambo yakitulia.

Kwa hiyo, familia iliyo na uwezo mdogo wa kuchanga isizimalizie pesa zote kwenye ununuzi wa siku ya kuripoti. Sanduku jipya, godoro, birika la umeme na sherehe ya kumuaga mtoto vinaweza kula kiasi ambacho kingemlisha muhula mzima. Afadhali mwezi wa pili akutwe na elfu kumi kwenye M-Pesa kuliko siku ya kwanza akutwe na viatu vitatu.

Hapa pia chuo cha mji mdogo kina faida isiyosemwa sana. Chumba cha kupanga karibu na lango la chuo Kutus au Chuka kwa kawaida ni nafuu kuliko cha Juja au Kahawa Wendani, na gunia la viazi linaweza kutumwa kwa matatu kutoka shambani kwa nyanya. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza aombe nafasi ya hosteli ya chuo siku ileile mlango wa maombi unapofunguliwa, hata kama marafiki wamemwambia kwamba hosteli ni za washamba.

Anaweza kubaki nyumbani na kusoma kila siku kwa matatu?

Anaweza, ikiwa chuo chenyewe kiko jijini, kwa mfano Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Kenya kilicho Haile Selassie Avenue, au Chuo Kikuu cha Ushirika kilicho Karen. Hesabuni nauli kwa bei ya saa za msongamano na za siku za mvua, na muulize kama nyumbani kuna mahali pa kusomea usiku. Chumba kimoja cha watu sita hakikosi upendo, ila hakina meza.

Tunaogopa deni la HELB. Si afadhali tukope kwa chama au benki?

La. HELB hutoza riba ya asilimia 4 kwa mwaka, ambayo hakuna benki wala programu ya mikopo ya simu inayoikaribia. Katika mfano wetu wa bendi ya 3, mwanafunzi anakopa 60,000 za karo na 50,000 za matumizi, jumla 110,000 kwa mwaka. Kwa miaka minne ni shilingi 440,000, na riba ya mwaka mmoja kwa kiasi hicho chote ni shilingi 17,600.

Hatari iko kwingine. Sheria inamtaka aanze kulipa ndani ya mwaka mmoja baada ya kumaliza masomo, na asipolipa hutozwa faini ya shilingi 5,000 kila mwezi. Hiyo ni 60,000 kwa mwaka, zaidi ya mara tatu ya riba, kwa mtu ambaye pengine bado hana kazi. Na jina lake linaweza kupelekwa kwa mashirika ya kumbukumbu za mikopo. Mhitimu asiye na kipato asijifiche. Aende katika ofisi za HELB zilizo Anniversary Towers, University Way, au katika kituo cha Huduma, aeleze hali yake na kuomba mpango wa kulipa kidogo kidogo. Wanaonyamaza ndio wanaoshtuka miaka mitano baadaye.

Basari je?

Ombeni zote mbili: ya hazina ya eneobunge kupitia ofisi ya mbunge, na ya kaunti kupitia wadi. Nairobi ina maeneobunge 17 na wadi 85, na fomu hutolewa kwa siku chache tu, mara nyingi bila tangazo zaidi ya karatasi iliyobandikwa mlangoni. Pesa ni kidogo na huchelewa, basi zisiwe nguzo ya mpango wenu.

Achague kozi gani ili apate kazi?

Hakuna kozi inayohakikisha kazi, na yeyote anayewaambia vinginevyo huenda anauza kitu. Kuna, hata hivyo, makosa ambayo yanaweza kuonekana mapema.

Kozi yenyewe inapaswa kuwa imeidhinishwa na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, na kwa taaluma zenye bodi zake, idhini ya bodi ni muhimu vilevile. Mhitimu wa uhandisi ambaye digrii yake haitambuliwi na Bodi ya Wahandisi hawezi kusajiliwa, hata akiwa na daraja la kwanza. Ndivyo ilivyo kwa sheria, uuguzi na udaktari. Ulizeni bodi wenyewe, wala si afisa wa chuo anayetafuta wanafunzi.

Ualimu una mtego wake. Tume ya Kuwaajiri Walimu, TSC, hutaka mwalimu wa sekondari awe na C+ ya jumla katika KCSE na pia C+ katika kila somo kati ya mawili atakayofundisha. Yuko mwanafunzi anayepata B- ya jumla, anachagua kufundisha hisabati aliyopata C, anasoma miaka minne, anafaulu, kisha anagundua kwamba hawezi kusajiliwa kwa somo hilo. Jambo hilo lingeonekana kwenye karatasi ya matokeo kwa dakika moja. Zaidi ya hayo, walimu waliosajiliwa na kusubiri ajira ya kudumu ni wengi, na baadhi husubiri miaka. Anayependa ualimu aende, ila aende akijua.

Kwa upande mwingine, wazazi hudharau mno kozi zisizo na jina la kazi ndani yake. Takwimu, udongo, chakula na lishe, maji: hizi zina ushindani mdogo wakati wa kuingia, na kaunti pamoja na mashirika huzihitaji.

Kwa nini wengine huingia lakini hawahitimu?

Sababu ya kwanza ni malimbikizo ya karo. Vyuo vingi humzuia mwenye deni kupata kadi ya mtihani, na aliyekosa mtihani mmoja hujikuta akisubiri hadi somo hilo litakapofundishwa tena. Deni la shilingi 12,000 linaweza kumgharimu mwaka mzima. Ndiyo maana tunasisitiza kwamba mchango wa familia, hata ukiwa mdogo, ulipwe mwanzoni mwa muhula, na mwanafunzi aliyekwama aende ofisi ya mlezi wa wanafunzi kabla ya wiki ya mitihani. Vyuo kadhaa huwa na nafasi za kazi za malipo kwa wanafunzi wahitaji, kama vile maktabani au jikoni, ambazo hazijulikani kwa sababu hazitangazwi kwa kelele.

Sababu ya pili haijulikani sana nje ya vyuo, nayo ni alama zilizopotea. Mwanafunzi amefanya mtihani, ametia saini, lakini kwenye mtambo somo halina alama. Mhadhiri aliyesahihisha alikuwa wa muda, ameondoka kwa sababu hakulipwa, na karatasi hazijulikani ziko wapi. Wengi hugundua hilo katika mwaka wa nne, majina ya wanaohitimu yanapobandikwa na lao likakosekana. Kinga yake ni ya kuchosha lakini inafanya kazi: kila muhula mwanafunzi atunze kadi yake ya mtihani, apige picha kila kazi aliyowasilisha, aangalie alama mara zinapotoka, na alalamike kwa maandishi katika idara muhula huohuo, wakati mhadhiri bado anapatikana na darasa bado linakumbuka.

Sababu ya tatu ni migomo. Mwaka 2025 wahadhiri wa vyuo vya umma waligoma kuanzia Septemba hadi mapema Novemba, wiki saba, wakidai shilingi bilioni 7.9 za makubaliano ya 2017 hadi 2021. Mwanafunzi aliyepanga chumba aliendelea kulipa kodi bila kufundishwa. Familia haiwezi kuzuia mgomo, lakini inaweza kutokodi nyumba ya mwaka mzima kwa mkupuo na inaweza kuwa na mpango wa mahali atakapokaa chuo kikifungwa.

Nyingine, ambayo wazazi hawapendi kuisikia, ni kwamba mtoto huombwa pesa kutoka nyumbani. Boom ikiingia, mdogo wake anahitaji sare, mama anadaiwa kodi, na komredi anatuma elfu nane. Moyo huo ni mwema, ila akianguka mwaka wa pili nyumba nzima itakuwa imepoteza zaidi ya elfu nane.

Tuuze kipande cha shamba kule nyumbani ili tumlipie?

Si kabla ya kuona bendi, kukata rufaa na kujua mchango halisi wa kila muhula. Familia zimeuza ekari kwa hofu, kisha ikaonekana kwamba kilichohitajika kwa mwaka kingepatikana kwa kukodisha shamba hilohilo kwa misimu miwili. Na kama hamna budi, uamuzi ufanywe na wote wenye haki juu ya ardhi hiyo, wakiwemo mabinti. Kuna wahitimu ambao hawawezi kurudi nyumbani Krismasi kwa sababu ndugu zao wanaamini digrii yao ilikula urithi wa watu watano.

Hakufikisha C+. Mlango umefungwa?

Haujafungwa. C- inamwezesha kuomba stashahada kupitia KUCCPS hiyohiyo, na D inamwezesha kusoma cheti. Aliyefanya vizuri katika stashahada anaweza kuendelea hadi digrii, mara nyingi akiingilia mwaka wa pili katika kozi inayohusiana. Fundi umeme mwenye stashahada na mikono iliyozoea kazi mara nyingi huanza kupata kipato kabla ya mwenzake mwenye digrii ya biashara. Jambo hilo lisiwatie aibu.

Tayari anafanya kazi. Anaweza kusoma bila kuiacha?

Chuo Kikuu Huria cha Kenya, kilichopewa hati Agosti 2023 na kilicho Konza, hufundisha kwa mtandao. Kinamfaa mtu mwenye nidhamu, simu nzuri na bando la uhakika. Kijana wa miaka 18 ambaye hajawahi kujipangia ratiba hufaulu zaidi akiwa darasani na wenzake.

Akimaliza, atapata kazi baada ya muda gani?

Inategemea kozi, mwaka na watu anaowafahamu, na hapa ndipo mtoto wa Mathare huachwa nyuma na mtoto wa Lavington hata wakiwa na digrii moja. Mwenzake ana mjomba katika kampuni. Yeye ana barua za maombi. Pengo hilo huzibwa zaidi na mafunzo ya kazini ya mwaka wa tatu kuliko na kitu kingine chochote. Wengi huyafanya mahali palipo karibu na nyumbani ili kuokoa nauli, wakipangiwa kazi ya kupiga chapa na kuleta chai. Familia ikiwa na akiba ndogo ya kutumia mara moja katika miaka minne, itumike hapo: nauli ya miezi mitatu hadi mahali ambapo kazi yake halisi inafanywa, na ambapo kuna mtu atakayekubali kuandikwa kama mdhamini katika wasifu wake.

Mdogo wake yuko katika mtaala mpya wa umilisi. Haya yote yatamhusu?

Kwa sehemu. Kundi la kwanza la mtaala huo liliingia Gredi ya 10 Januari 2026, litamaliza sekondari ya juu mwaka 2028 na kujiunga na vyuo vikuu mwaka 2029, wakati KCSE ya mwisho ya mfumo wa zamani wa 8-4-4 itafanywa mwaka 2027. Hatapimwa kwa klasta za masomo saba kama kaka yake, na mkondo alioingia Gredi ya 10, uwe wa sayansi, wa jamii au wa sanaa na michezo, umeshaanza kumchagulia kozi. Kama bado hajatulia katika mkondo wake, zungumzeni na mwalimu wake muhula huu.